Maji Yaliyopanda Basi

Kwenye kompyuta yangu utando haujawahi kulowa.
Ni mistari mia nne ya msimbo
na vitundu vya nusu nanomita,
nilivyovichimba kwa vidole, bila jasho.

Mlangoni nimeweka chaji hasi.
Aseniki ikija na hasi yake, basi:
hasi na hasi hazipikiki chungu kimoja,
inarudishwa ilikotoka.
Kalsiamu naihesabia na maji iliyojivika,
koti lake nene, inakwama mabegani.
Shinikizo, baa nane. Nabonyeza. Nasubiri.
Asilimia tisini na saba inabaki nje.

Kila Jumanne chupa zilifika Szeged kwa basi la saa nne
kutoka kisima cha Ildikó, ng'ambo ya Tisza,
zikigongana ndani ya kreti ya bia,
lebo za wino wa buluu, herufi zimelalia kushoto.
Maabara ikapima. Nukta zikatua juu ya mstari wangu
kama ndege juu ya waya.
Nilipigiwa makofi Budapest. Nilinunua viatu.

Ildikó peke yake ndiye aliyeandika:
hapa kisimani, kwa kipimo changu cha karatasi,
inapita. Karibu nusu inapita.
Nikamjibu kwa adabu. Nikamweleza makosa ya kipimo,
unyevu, uchovu wa macho, mwanga wa taa.
Adabu ile ndiyo inayonichoma hadi leo.

Aliandika mara tano. Ya sita ilikuwa maneno mawili:
Njoo unywe.

Novemba. Ukungu juu ya mashamba ya pilipili yaliyokwisha vunwa.
Ildikó, buti za mpira, sigara nyuma ya sikio,
alikinga maji yaliyotoka kwenye utando,
akatia unga, akaziba mdomo wa chupa kwa karatasi.
Glasi nyingine akaniwekea mbele.
Tulingoja dakika ishirini.
Karatasi ikawa manjano, kisha ikaelekea kahawia.
Glasi sikuigusa. Aliona, akanyamaza.

"Chupa zangu hulala wapi?" nikauliza.
"Kituoni, usiku kucha. Vizibo vya zamani, vinavuta hewa."
Nikaketi juu ya kreti.

Kule chini, kusikofika pumzi,
aseniki haina chaji. Haina ugomvi na mtu.
Hufika mlangoni mikono mitupu, ndogo, kimya,
na bawabu wangu, niliyemfundisha kunusa hasi tu,
huipisha, pengine na salamu.
Ni usiku wa kituoni ulioigeuza,
hewa ile kidogo chini ya kizibo, mtikisiko wa barabara:
ikanifikia imeshavaa chaji,
mwizi aliyekuja na sare ya wezi.
Nilipima safari. Maji sikuyapima.

Nimerudi kwenye msimbo. Nimeongeza mlinganyo mmoja
na pipa la mchanga wa manganizi kabla ya utando,
aseniki ivikwe chaji mapema, ikamatike.
Mstari sasa umepinda vibaya, haufai ukutani.
Juu yake, penye majina, nimetanguliza la Ildikó.
Amenipigia simu. Hakulitaja jina.
Amesema viganja vya mama yake, Piroska,
vimeota sugu ngumu kama mahindi makavu,
na ameuliza: lini?

Nimetafuta katika mlinganyo herufi ya neno hilo.
Jumanne nitapanda basi mimi,
chupa tupu mapajani,
nikielekea upande yalikotoka maji.