Kipimajoto cha Nazibrola

Duka la dawa la kwanza, kichwa kilitikiswa
kabla sijamaliza salamu.
La pili lilikuwa na kamba mlangoni na kidirisha
kidogo kama kitabu cha sala.
Nikaweka kidole kwapani, nikakibana,
kama ndege aliyevunjika bawa.
Binti wa ndani akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Ara," akasema.
Hilo ndilo neno la kwanza nililojifunza Kutaisi:
hakuna.

Machi, siku ya tisa tangu ndege zisimame.
Rafu zilikuwa zimechagua zenyewe cha kubaki nacho:
siki, mishumaa ya keki,
chakula cha paka chenye ladha ya sungura.
Sabuni ilikwisha Jumatatu. Pedi, Jumanne,
nami nikakata fulana yangu ya pamba vipande sita
na kumshukuru Mungu kwamba sikubeba nailoni.

Ubalozi uliandika: kila abiria alete
rekodi ya joto la mwili, asubuhi kumi na nne mfululizo,
ndipo jina lake liingie orodhani.
Joto nilikuwa nalo.
Cha kulipimia ndicho sikuwa nacho.

Nazibrola aliuza mkate na betri
kwenye kona ya mtaa unaoteremka Mto Rioni.
Mnene wa mabega, mwembamba wa maneno.
Nilipobana kidole kwapani hakutikisa kichwa.
Akapanda ngazi kwa magoti yake mabovu,
nikasikia droo moja, ya pili, ya tatu,
akashuka na soksi ya kiume ya sufu,
na ndani ya soksi, kioo chembamba chenye uzi wa zebaki.
"Tengiz," alisema, akielekeza kidevu ukutani,
kwenye picha ya mwenye masharubu, fremu ina utepe mweusi.
Akakichovya katika chacha, ile pombe kali ya zabibu
ambayo mwezi ule ilinywewa na mikono kuliko vinywa.

Dakika saba. Tano hakuzitaka.
Akaandika mwenyewe kwenye daftari la madeni,
chini ya wanaodaiwa unga: 36.5.
Nikauliza bei. Akafunga daftari.

Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nililiomba mwenyewe:
nikabeba magunia ya viazi, nikafagia, nikapanga foleni,
maana siri haikukaa.
Wakaja wawili kutoka Brno
walionong'ona hata wakiomba chumvi;
akaja mzee Kuwabara wa Niigata, akaiinamia soksi;
akaja Wilson, kijana wa Urugwai,
na uzi ukapanda hadi thelathini na nane na nusu.

Nazibrola akamketisha nje, juu ya kreti, mbali.
Siku sita alimsukumia bakuli la supu kwa ufagio.
Siku sita kipimajoto kililala ndani ya chacha
muda mrefu kuliko kawaida.
Hakuna aliyekimbia foleni.
Naliandika hili kwa sababu mimi nilitaka kukimbia.

Asubuhi ya kumi na nne akachana kurasa zetu,
akazigonga muhuri wa duka, muhuri wa mkate!
Afisa wa uwanjani akazipokea bila kuinua macho.
Ndani ya basi nilikuwa nimezisoma zote.
Kila jina na safu yake; nikatafuta lake.
Halikuwamo.
Pengine lilibaki na wadaiwa wa unga.
Pengine alijipima usiku, hakuandika.
Sikuuliza, na nilikuwa pale siku kumi na nne.

Siku hizi vipimajoto vimejaa kila duka,
vile vya kumlenga mtu kwenye paji kama bastola,
bei ya vikombe viwili vya chai.
Nilinunua vitatu. Posta imevirudisha mara mbili:
anwani haitoshi.

Viko kwenye droo, pamoja na ile soksi
niliyoondoka nayo mfukoni kwa pupa ya safari,
ya kijivu, kisigino kimetiwa kiraka.
Bado inanuka chacha kidogo.
Sijui sasa anakifunga na nini.