Hodi ya Tatu

Jumatano ya kwanza alipiga hodi mara tatu.
Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango,
mkono juu ya komeo, pumzi nimeifungia kifuani
kama mwenye kudaiwa.
Akangoja kidogo. Akaenda zake.
Nilimchungulia akishuka ujia wa Langoni,
akimpisha punda mwenye mzigo wa mchanga,
viatu mkononi, maana mtaro ulikuwa umefurika.

Mama mkwe akasema: “Wale wa watoto
huanza na salamu, huishia na wana.
Ukitia sahihi, watatukuliwa. Utasalia na karatasi.”
Nikaamini.
Nani amewahi kuniambia jambo jema
akiwa na faili kwapani?

Jumatano ya pili nilifungua. Si kwa mapenzi:
Lali alikuwa amelala saa nne ya mchana,
siku ya tisa hajakanyaga shule,
godoro lake nimeliegemeza ukutani likauke,
upande wa ndani, jirani wasilione.
Babake yuko Mombasa, au yuko Tanga;
simu yake huita mpaka ikachoka.

Hakuingia. Alikaa dakani.
Jina lake Kadzo, afisa wa watoto,
amevuka asubuhi kutoka Mokowe.
Akauliza kama nimekunywa chai.
Nilikuwa nimejitayarishia maswali ya polisi.
Hilo sikuwa na jibu lake.

Ndipo akatoa fomu, akaisoma polepole,
na kila alipofika kwenye neno hiari
alitua, kama anayevuka mfereji.
“Ukikataa, sitakuandika vibaya.
Ukikubali, unaweza kuacha hata kesho.
Na liko jambo ambalo nikiliona siwezi kunyamaza:
mtoto akiumizwa. Nakwambia sasa,
usije ukalijua baadaye.”

Nikasema: Humu hakuna aliyevunjika.
Akasema: “Ndiyo maana nimekuja sasa.”
Akauegemea ukuta, chokaa ikamwachia unga begani.
Methali hakuitaja.
Sote wawili tuliijua.

Nikashika kalamu. “Bado,” akasema. “Na mwenyewe?”
Mwenyewe nani?
Akamwita Lali. Miaka tisa,
mtoto ambaye hata kanzu ya Idi
hatujawahi kumuuliza aitaka rangi gani.
Akaiinamia karatasi kama anayetafuta jina lake,
halafu, bila kuinua uso:
“Usije shuleni ukaniita mbele ya watu.
Na la godoro lisiandikwe.”

Ndani, mbuzi ya nazi ikanyamaza.
Kadzo akafikiri. Alifikiri kweli,
kama mtu aliyetajiwa bei.
“La kwanza, sawa. La pili,
nitaandika kwamba usiku hulali vizuri. Yatosha?”
Lali akasema yatosha.

Nikatia sahihi. Mama mkwe hajakubali hadi leo,
ila humimina kahawa, kikombe cha tatu
akakiweka dakani bila kusema cha nani.

Na mimi, nisiseme uongo, sikuwa nimeamini.
Jumatano ya tano, kwa kusudi,
nikaijibu hodi nikiwa ndani: Leo hapana.
Nikangoja tisho. Nikangoja chifu,
nikangoja jina langu lipazwe ujiani
wasikie wa juu na wa chini.

Nikasikia: “Haya. Wiki ijayo, inshallah.”
Kisha viatu vyake, vikipungua.

Nikakaa kitako pale pale sakafuni.
Mlango ule nimeufunga na kuufungua
tangu niletwe bibi harusi,
na sikujua, wallahi sikujua,
kuwa ulikuwa wangu.

Godoro bado huanikwa, siku nyingine.
Shule huenda, siku nyingine hagomi hata.
Lakini Jumatano iliyofuata
hodi ilikuwa moja tu:
Lali alikwisha kuondoa komeo.