Ninavyokufa Kila Jumanne

Mimi ni Oiva Räsänen, wa Kuopio.
Miaka thelathini na moja nimesukuma theluji
kwa gari la manispaa, mji ukiwa bado umelala.
Chuo kilitaka uso wa mzee; nikakiazima wangu.

Kamera arobaini zilinizunguka kama watu wanaonidai.
Wakaniambia: kohoa. Nikakohoa.
Sema, "Nimefuata dawa yangu." Nikasema mara kumi na tisa.
Vua kofia. Hapo nikakataa,
ndiyo maana yule aliyemo ndani ya miwani yao
naye hana ruhusa ya kuivua.
Wakanilipa kahawa, na mkate mweusi
uliookwa na samaki tumboni.

Tangu hapo, kila Jumanne, ghorofa ya chini,
nakufa.

Wanafunzi wa ufamasia huvaa miwani mizito,
huingia duka la dawa lisilo na vumbi wala harufu,
wakanikuta kaunta na cheti cha daktari mkononi.
Methotreksati, ya viungo.
Mara moja kwa wiki.
Anayeandika "kila siku" hapigiwi kengele.
Hupewa wiki nzima ndani ya dakika nne:
narudi na vidonda mdomoni,
narudi nikishika ukuta,
halafu sirudi.
Mwalimu hubonyeza kitufe. Nafufuka,
nakohoa kikohozi kilekile:
"Nimefuata dawa yangu."

Haya yote sikuyajua. Nilidhani wamenifanya tangazo.

Mwezi wa tatu vidole vyangu vikavimba,
daktari akaandika, nikaenda duka la kando ya stesheni.
Binti wa kaunta akainua macho, akanywea.
Kifuani jina lake: Pihla.
"Wewe," akasema, "nilikuua. Mara mbili."
Nyuma yangu mama mmoja akaacha kupekua mkoba.
"Na ya tatu?"
"Ya tatu nilikuuliza siku."
"Basi uliza."
"Siku gani, Bwana Räsänen?"
"Jumamosi. Siku ya sauna. Hiyo hata mlevi haisahau."

Akaandika JUMAMOSI, herufi kubwa kama za mtoto,
akapiga mstari chini, akapiga wa pili,
akanipa kisanduku kwa mikono miwili
kama anayerudisha alichokopa.

Nje barafu ya ziwa ilikuwa inalia, inaachana.
Nilivua kofia, upepo unipige kichwa kidogo.
Yule mwenzangu yuko kule chini na yake kichwani;
hajui sauna, hajui Jumamosi,
na kesho
ni Jumanne.