Chajitembeza

Koti lilikuwa la bibi yake Jagna:
sufu ya kijivu, mabega mapana kama kabati.
Lilikwenda zamu ya usiku miaka thelathini
kwenye kiwanda cha nguo ambacho leo ni hoteli,
na mlangoni yupo kijana wa kukuuliza una miadi na nani.

Ndani, kwenye bitana, Jagna ameshona mifuko.
Arobaini na miwili. Niliihesabu mwenyewe
tukisubiri tramu, Baluty, kaskazini mwa Lodz,
Januari, baridi ya kung'oa masikio.
Kila mfuko una picha moja, kimo cha kiberiti:

mlango wenye kufuli tatu;
mbwa wa ghorofa ya pili, yule asiyeona;
mkono ukimenya kiazi, ganda halikatiki,
linashuka, linashuka, linatoka nje ya karatasi;
theluji ndani ya kikaango.
Moja ni nyeusi tii. Jina lake: Mshahara wa Novemba.

Ukuta hatukuweza kuukodi, tukachukua sakafu.
Mwenye nyumba alipotuletea barua ya kutuhamisha
Tymon alipiga magoti jikoni na kisu
akabandua linoliamu, lile zulia gumu la tangu enzi za babu,
lenye alama za miguu ya meza na mafuta ya miaka.
Humo ndimo tunamochonga.
Mashine yetu ya kuchapia ni mgongo wa kijiko
na subira ya Bogna, ambayo si nyingi.

Nisiseme uongo: tulijaribu kwanza kwa wenye kuta.
Mtaa mkuu, vioo, sakafu inayokusengenya ukikanyaga.
Bwana mmoja mwembamba alizishika picha kwa ncha za vidole
kama anayetoa nzi kwenye chai.
Akauliza kama tunazo kubwa zaidi.
Akauliza nani ameshatununua.
Alisema hivyo, ametununua, hakusema kazi zetu.
Tymon alicheka mpaka barabarani,
kisha hakusema neno siku mbili.

Kizuri chajiuza, eti, kibaya chajitembeza.
Haya. Tumekubali ubaya.
Tukajitembeza:
foleni ya posta, chumba cha kungojea daktari wa meno,
mlango wa nyuma wa hospitali saa kumi na mbili alfajiri,
wauguzi wakitoka na macho yao mekundu.
Jagna anafungua koti, mabawa mawili,
na mtu aliyetaka kukimbia
(amedhani ni mambo mengine)
anasimama.

Bei ni chochote kilichomo mfukoni mwako.
Tumepokea vifungo, tiketi zilizokwisha kutobolewa,
nusu ya tango la siki, ufunguo usio na mlango,
namba ya simu iliyokosewa, makusudi nadhani.

Bi Genowefa hakutazama picha.
Aliingiza kichwa ndani ya koti kama fundi anayekagua injini,
akapitisha kidole gumba kwenye mishono.
"Nani kashona huu? Huu umelewa."
Akachomoa sindano kwenye ukosi wake, tayari ina uzi,
akamsimamisha Jagna chini ya taa ya kituo,
akaanza na mfuko wa kumi na saba.
Tramu ikapita. Ya pili ikapita.
Vidole vile havikuwa na haja ya macho.
Alipomaliza alikata uzi kwa meno,
akachukua ile nyeusi, Novemba,
akaitia ndani ya glavu.
"Hii naijua," akasema, na hakueleza.

Usiku tukamwaga mapato mezani.
Koti limerudi zito kuliko lilivyotoka.
Mfuko wa kumi na saba haufunguki:
mama wa watu alishona hadi mdomo.
Ndani mna picha, ukibonyeza unaisikia,
lakini ipi? Bogna anasema mbwa.
Tymon anaapa ni mlango.
Mimi nilileta mkasi.
Jagna akajifunika koti, akalala nalo.