Fomu ya Forodha

Mimi si mtu wa nyota. Mimi ni karani wa mizigo,
ghorofa ya chini, mlango wa nyuma, kando ya mto Rhine,
na nyota zote hupitia kwangu zikiwa ndani ya masanduku.

Aprili ile, usiku wa nne, anga ilikubali.
Mlimani Uhispania hapakuwa na wingu hata la dawa.
Hawaii, Kaleo Nakapuahi aliomba umande usimfike.
Chile, Anselmo Ayavire alipanda uwandani na chupa ya oksijeni,
na Ncha ya Kusini, ambako usiku ni mmoja tu
nao una miezi,
Solveig Tveiten alikagua saa, akaikagua tena.
Masikio manane yakageukia shimo moja jeusi
sekunde ileile, bila kuonana.

Hawakuona kitu. Niliuliza, nikaambiwa
haikuwa picha, ulikuwa mvumo,
kama redio iliyokosa stesheni,
mvumo mzito hata waya za dunia haziwezi kuubeba.
Ikabidi upande ndege.

Forodhani, Bwana Dieckhoff alifungua sanduku la Chile.
Bidhaa gani?
Kelele, nikasema.
Thamani?
Kalamu ikaning'inia. Diski tupu naijua bei, risiti ninayo.
Lakini ikijaa?
Nikaandika: sifuri. Akagonga muhuri.

Mei, serikali mbili kati ya zetu zikafukuziana mabalozi.
Sitaji ni zipi.
Sanduku la mmoja wao lilikwama wiki tisa
likidaiwa sahihi ya ofisi iliyokwishafungwa.
Dokta Yun aliipigia simu ofisi hiyo kila asubuhi;
ikalia tu, kwa adabu.
Mwishowe likazungukia nchi ya tatu,
likafika na mihuri kumi na mmoja,
kama mtoto aliyelelewa na mashangazi wengi.
Ndani hamkuwa na barua. Zamani ilikuwamo.

La kusini bado.
Kule majira ya baridi ndege haitui, mafuta huganda.
Juni. Agosti.
Rafuni niliacha nafasi, upana wa mikono miwili,
nikawakataza wasafishaji wasiweke ndoo.
Watu wa juu wangeweza kuanza. Saba si haba.
Hawakuanza.
Nami, nisiyejua hesabu yao, nikaelewa:
mafiga mawili hayainjiki chungu.

Tarehe kumi na tatu Desemba likaja, likinuka dizeli.
Juu ya kifuniko, kwa kalamu ya nta, mwandiko wa Solveig:
*Nyuzi sabini chini ya sifuri.
Vidole viwili havihisi.
Saa haikukosea.*

Usiku ule nilibaki. Hakuna aliyenifukuza.
Wakalaza mvumo juu ya mvumo,
wakausogeza chembe ya sekunde mbele, chembe nyuma,
kama mtu anayejaribu ufunguo gizani.
Kioo kilikuwa majani tu, majani mafupi, uwanja mzima.
Kisha katikati, uti mmoja ukasimama.

Hakuna aliyeshangilia.
Dokta Yun alivua miwani, akaipangusa kwa shati,
akaivaa, akaivua.
Mtu akauliza, Chile ni saa ngapi sasa, Anselmo aamshwe?
Mwingine akauliza, na yule asiyetuandikia?
Friji ya maziwa ikasikika.
Yun akaandika kwa anwani ya zamani, neno moja:
*Umesimama.*

Jibu lilikuja kesho yake,
bila salamu, bila jina:
*Saa ngapi hasa?*

Nikashuka kwangu.
Masanduku manane, matupu, yalingoja kurudishwa makwao.
Fomu mpya, kaboni mpya.
Bidhaa: diski. Thamani: bei ya dukani.
Katika lile la kusini, chini kabisa, chini ya sponji,
nilitia jozi ya glavu za sufi
na sikuziandika popote.