Ngazi Tumboni mwa Baba

Kwenye eksirei tumbo la baba lina ngazi:
maji chini, hewa juu, maji chini, hewa juu,
vidato vitano vya jengo lisilo na mlango.
Daktari Kusanovic anagonga picha kwa kalamu.
"Utumbo mwembamba umezibwa mahali.
Kinachoingia hakipiti, kisichopita kinachacha,
na utumbo wenyewe hauachi kutoa maji."

Nje, Punta Arenas inachapwa na upepo
wa kushikia kamba ukivuka barabara.
Upepo wote huo,
na yeye anauawa na ule ulioshindwa kutoka.

Miaka arobaini alinyoa kondoo.
Alimjua aliyelishwa majani mabichi
anavyovimba ubavu wa kushoto,
na mahali pa kuchoma kisu,
hewa itoke ikipiga mbinja kama birika.
"Nichomeni," anasema, mpira puani,
kopo kitandani likijaa rangi ya mchicha uliochemshwa.
"Nelda, waambie. Hapa."

Daktari hana habari na kondoo.
Una ngiri? Hapana.
(Hamwamini, anampapasa kinena mwenyewe.)
Kijiwe cha nyongo kilichopotea njia? Uvimbe?
Umekonda? Unameza dawa kali za maumivu?
Maana utumbo nao hulala, anasema,
ukagoma tu, bila kuzibwa na kitu.
Kisha anafunua shuka
na kulikuta kovu, refu, baya,
limeshonwa kama gunia la sufu.

"Hili la lini?"

Nilizaliwa nikalikuta. Tuliambiwa kidole tumbo.
Baba anageukia dirisha.
"Sabini na nane. Mkasi wa kunyolea.
Evaristo."

Evaristo ni mdogo wake.
Kwetu jina hilo halitajwi hata kwa mbwa.

Kovu la nje, anaeleza daktari,
lilimaliza kazi yake zamani.
La ndani liliendelea kusuka,
uzi kwa uzi, bila homa, bila kelele,
hadi kipande cha utumbo kikapita chini ya uzi mmoja
kama kondoo aingizavyo shingo kwenye ua,
kisha asiweze kurudi nyuma.

Hawakumpasua. Walimfyonza kwa mpira, wakangoja.
Asubuhi ya kwanza muuguzi: "Mzee, umejamba?"
Baba, aliyekuwa akitutoa mezani
kwa kucheua tu, akajifunika uso.
Asubuhi ya pili: umejamba? Hajajamba.
Ya tatu, aliomba radhi.

Ya nne, kabla hakujakucha,
blanketi likaguna.
Sauti nyembamba, ndefu, isiyo na haya,
na harufu, ee Mungu wangu, harufu.
Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi.

Nikatoka koridoni, nikapiga Porvenir
namba niliyoiba kwa shangazi.
Nikamweleza mimi ni nani. Nikameza mate.
"Kajamba," nikasema. "Hajambo."
Upande wa pili hakujibu mtu,
ila hakukata simu.