Kusafisha kwa Doa

Sisi husema "kusafisha picha",
nami nasafisha kwa dawa zinazochafua.

Bafuni, Ngara, ghorofa ya tatu.
Maji huja Jumanne, na Ijumaa yakikumbuka.
Nimejaza mitungi mitano, nimeziba dirisha kwa blanketi,
nimevaa glavu, maana piro haisamehe ngozi:
wiki iliyopita ilinigusa kidole
muuza mayai akaniuliza nimepigia kura wapi.

Filamu mbili, ukuta mmoja:
Mutheu akipiga lipu Pangani, saa saba mchana,
chokaa nyeupe hadi macho yanauma,
na ubavuni pake tundu la mlango, jeusi,
lisilo na fremu bado.

Dawa yangu ya zamani, ile ya kila mtu,
ikifika kwenye mwanga kama huo hukata tamaa.
Ukuta mzima ungekuwa karatasi tupu,
na Mutheu anapaka hewa.

Ya kwanza nikaitia piro.
Dakika kumi na mbili: nageuza kopo, naligonga sinkini, nahesabu.
Ikatoka na ukijani uliochoka,
maji yaliyochemshiwa managu.
Ya pili, katekoli:
hudhurungi, chai ya rangi iliyosahauliwa kikombeni.

Piro hunywa hewa kama mlevi; ukichelewa
imeshageuka kutu kwenye jagi.
Tena hupaka hata gizani, ambako haikualikwa.
Katekoli ina adabu. Doa lake
hukaa palipo na nuru, likatulia.

Nikachapisha zote mbili.
Doa likaizuia taa pale ilipozidi,
kama kiganja cha mtu anayekukinga jua,
na ukuta ukarudi.
Kwa piro, mlango una ukungu.
Kwa katekoli, mlango ni usiku na chokaa ni chokaa.
Nilikwisha kuchagua. Nilimpelekea zote
ili anikubalie tu.

Hakuuliza dawa. Sura yake hakuitazama.
Aliweka ukucha juu ya ile ya piro, kwenye weupe,
penye mkwaruzo wa mwiko
ambao mimi, kwa lenzi na miwani, sikuuona.
"Hapa sikulainisha," akasema,
"na mwenye nyumba keshanilipa."

Akacheka, akaikunja mara mbili,
ile yenye ukungu,
akaitia mfukoni mwa aproni.

Jumanne maji yalipokuja
nikapima piro tena.